Mvuke Ukikatika

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Mvua ya masika ilianza kunyesha Makorora, Tanga, kabla ya adhana ya alfajiri, na kulipokucha ilikuwa bado inanyesha, si kwa nguvu, ila kama kitu ambacho hakina haraka ya kwenda kwingine. Maji yalikuwa yametanda uani mpaka karibu na mlango wa banda la jiko. Nilipiga magoti kando ya kitanda cha mume wangu nikaomba ombi nililokuwa nikiliomba kila asubuhi tangu Februari: Bwana, mfungue kinywa. Siku hiyo nikaongeza neno. Na kama kinywa hakitafunguka, Bwana, basi leo unipe kidole tu.

Kisha nikaenda kupiga mayai.

Mume wangu Eliudi alikuwa mpishi. Alizaliwa Amani, juu msituni, na ujanani aliwapikia wageni waliokuja kuchunguza miti na wadudu. Mmoja wao, mama wa Kizungu aliyeshughulika na vyura, alipomaliza kazi yake alimwachia chuma cha kuchomea wafo. Ni sahani mbili nzito zilizoshikana kwa bawaba, ndani zina vijumba vidogo vidogo, na zina mikono miwili mirefu ya kushikia. Unapaka mafuta, unamimina rojo, unafunga, unaweka juu ya mkaa, halafu unageuza upande wa pili. Mkate unatoka na alama za vile vijumba. Watoto wa mtaani kwetu hawasemi wafo. Wanasema mkate wa madirisha.

Eliudi alishuka mjini Tanga, akapika katika hoteli hii na ile, mke wake wa kwanza akafariki, akanioa mimi. Hatukujaliwa mtoto. Kila Jumamosi asubuhi alichoma wafo kwa ajili yetu na yeyote atakayepita. Maziwa aliyaacha zamani, akaweka tui la nazi. Alisema Wazungu nao wangekuwa na minazi wangefanya vivyo hivyo. Iliki alitumiwa na kaka yake kutoka shambani, na aliitwanga mwenyewe, hakunipa mimi, kwa sababu alisema naitwanga kama ninayeua nge.

Tabu ya wafo ni kwamba huruhusiwi kuchungulia. Ukifungua chuma mapema, mkate unachanika, nusu inabaki juu na nusu inabaki chini. Ukichelewa, unaungua. Kinachokuambia ni mvuke. Mwanzo unatoka kwa wingi pembeni mwa sahani, kisha unapungua, kisha unakatika. Ukikatika ndipo ufungue. Lakini mvuke unadanganya, hasa kukiwa na upepo, na miaka yote ya ndoa yetu sikuuamini. Nilimtegemea Eliudi. Yeye alikaa mwisho wa benchi letu, mgongo ukutani, Biblia mapajani, na mimi nilikaa mwisho mwingine karibu na jiko. Hata hakuinua uso. Wakati ukifika aligonga ubao mara mbili kwa kidole chenye pete ya ndoa: ta, ta. Nami nafungua, na mkate uko sawasawa.

"Wewe husomi," nilimwambia.

"Nasoma kwa jicho moja," alijibu. "La pili lina njaa."

Mwezi wa pili kiharusi kilimwangusha bafuni. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka yote. Macho yalibaki wazi, lakini yalitazama pale ulipoyaelekeza, kama taa. Daktari mara ya kwanza alisema tumpe muda. Mara ya pili alisema, "Mama, uanze kuzoea."

Sikuzoea. Mwezi wa tatu, Jumamosi moja, nikaona bora nichome wafo kuliko kukaa nikimtazama. Nilimbeba kwa msaada wa jirani yangu Asmahani, tukamkalisha mahali pake kwenye benchi, mto mgongoni, mkono wa kushoto nikaulaza juu ya ubao. Nikamimina, nikageuza, nikangoja. Mvuke ulipokatika nikasikia: ta, ta.

Nilipiga ukelele hadi Asmahani, aliyekuwa ameshafika kwake, akarudi mbio na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka.

"Amegonga!" nikamwambia. "Anajua! Yumo ndani, Asmahani, yumo!"

Asmahani alimtazama Eliudi kwa muda. Akasema, "Mungu mkubwa, shoga." Akaketi chini pale pale, akala wafo yote peke yake.

Tangu siku ile kila Jumamosi niliisikia. Nilimweleza mchungaji. Niliwaeleza wenzangu wa darasa la jioni, wanawake watu wazima kama mimi tunaojifunza kusoma, na wakaniombea wakiwa wamesimama. Darasa lile ni Eliudi mwenyewe aliyeniandikisha, mwaka juzi, akisema hawezi kuendelea kunisomea Zaburi mpaka meno yamtoke. Basi sasa nilimsomea mimi. Nilisoma polepole, nikikosea, nikingoja anisahihishe.

Habari zilifika Amani kwamba mke wa Eliudi anamwacha mgonjwa na jirani kila jioni ili aende shule. Anold, kaka yake mkubwa, akapiga simu. Hakugomba. Alisema tu kwamba atakuja Jumamosi, na atakuja na gari.

*

Alifika mapema, suruali imelowa hadi magotini, amebeba mfuko wa iliki. Nyuma yake alikuwa Mzee Asheri, mzee wa kanisa letu, ambaye ndiye aliyesimama nasi siku ya ndoa. Anold alimpitia njiani ili jambo liwe na shahidi.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba. Bwana Yesu asifiwe."

"Amina. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mvua hii!" Mzee Asheri akakung'uta kofia yake.

Asmahani alikuwa bandani akikuna nazi juu ya mbuzi. Alisalimia bila kusimama. "Karibuni. Msikanyage pale, kuna dimbwi lina kina kuliko bandari."

Anold aliingia chumbani peke yake. Nilimsikia akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, mara moja, kisha tena. Alipotoka alikuwa amembeba Eliudi mikononi, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, na mtu mwenyewe alikuwa mwepesi hivyo kweli. Benchi lilikuwa limelowa kwa mvua iliyopiga chini ya paa, kwa hiyo alimkalisha kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, nami nikamfunga khanga kifuani asianguke.

"Shemeji," Anold akasema, "mimi si mtu mbaya."

"Najua."

"Baba yetu amelala kule. Mama kule. Mtu asiyejua alipo ni wa nyumba aliyozaliwa. Akae pale wanapomjua, azikwe pale. Kwetu ndivyo tulivyofanya siku zote. Wewe bado una nguvu, unasoma, hatutakudai kitu."

"Anajua alipo."

"Nimesikia. Kidole."

"Nenda polepole na hicho kidole, Mwalimu," Asmahani akadakia, ingawa Anold hakuwahi kuwa mwalimu. "Wewe kiko wapi kidole chako kilichomgeuza usiku asipate vidonda?"

"Mama, nazi yako itakauka," Anold akamjibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. Kisha akanigeukia. "Sikiliza. Mtu anayejua alipo ni wa mkewe. Hilo silipingi, na Mzee Asheri anasikia. Kama ndugu yangu yumo mle ndani na anajua kwamba hapa ni kwake na huyu ni mkewe, sitamgusa. Nitakunywa chai nirudi na gari tupu. Lakini nione kwa macho yangu."

"Utaona," nikasema. "Ngoja nichome. Sifungui mpaka agonge."

Sikuwa na wasiwasi, na sijui kwa nini. Nilitwanga iliki aliyoileta Anold, nikachanganya tui na mayai na unga, sukari kidogo, hamira nilikuwa nimekwisha kuiloweka. Mkaa ulikuwa na unyevu ukasumbua, kisha ukashika. Nikavuta kigoda, nikamimina wafo ya kwanza, nikafunga. Mvuke ukajaa banda zima na ile harufu ya iliki na nazi, na Mzee Asheri akasema, "Harufu ya Jumamosi hii." Alikuwa amekula kwetu mara nyingi.

Nikageuza. Mvuke ukapungua. Sote tulitazama mkono wa Eliudi juu ya mkono wa kiti. Mvuke ukakatika. Nilijua umekatika, nilijua kabisa, lakini nilikuwa nimeahidi kutofungua mpaka agonge. Mvua iligonga mabati. Kidole hakikugonga. Moshi mwembamba ukaanza kutoka, kisha mnene, na Anold akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, inaungua."

Ilitoka nyeusi.

"Basi," Anold akasema.

"Basi nini?" Asmahani akasimama, chembe za nazi zikamdondoka mapajani. "Mnamweka mtu kwenye kiti kisicho chake halafu mnataka afanye kazi! Hata mimi ukinikalisha kwenye plastiki sisemi kitu. Mtu ana benchi lake. Mrudisheni kwenye benchi lake."

Akavua khanga ya juu, akalifuta benchi mpaka likakauka, akalisogeza mwenyewe karibu na jiko. Benchi lile lina mguu mmoja mfupi. Zamani Eliudi aliuwekea kipande cha kandambili chini, kikapotea, hakukata kingine. Tukamhamisha. Nikamwekea mto mgongoni, nikamlaza mkono wa kushoto juu ya ubao. Pete ilikuwa imemlegea, inazunguka yenyewe kwenye kidole. Nikakaa mwisho wangu.

Wafo ya pili. Mvuke mwingi, mvuke kidogo. Niliomba moyoni bila maneno. Mvuke ukakatika.

Ta, ta.

Nilifungua. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu iliyokolea, madirisha yote wazi, hakuna hata moja lililovunjika.

Anold hakuitazama. Alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye tope, ameshika goti la mdogo wake. "Yumo," akasema. "Yumo. Ndugu yangu yumo." Mwanaume yule mkubwa akalia kwa sauti, bila kujifunika uso. "Nisamehe, shemeji. Nisamehe sana. Abaki. Simgusi. Abaki kwake."

Nilikuwa nimeshinda. Niliitoa ile wafo nikaiweka kwenye sahani.

"Tumshukuru Mungu," akasema Mzee Asheri, akavua kofia. Tukafumba macho. Hata Asmahani akainua viganja kwa namna yake. Mzee alianza kushukuru kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya mikono ya wapishi, kwa ajili ya walio kimya. Nikakumbuka kwamba chuma kiko wazi juu ya mkaa, kitupu, kinapata moto bure. Nikainama mbele kidogo, macho bado nimeyafumba, nikiutafuta mkono wake wa kushikia ili nikiondoe.

Ta, ta.

"Mnasikia?" Mzee Asheri akasema kwa furaha, katikati ya sala. "Anaitikia amina!"

Hakukuwa na kitu kwenye chuma. Hakukuwa na rojo, hakukuwa na mvuke. Nilifumbua macho. Nikarudi nyuma taratibu, na nikahisi chini ya paja langu benchi linapanda. Nikainama mbele tena, kidogo tu, na benchi likashuka upande wangu kwenye ule mguu mfupi, upande wa Eliudi ukainuka na kutua, na pete iliyolegea ikagonga ubao. Ta. Ta.

Mzee Asheri alikuwa bado anashukuru.

Nilimtazama Asmahani. Hakuwa amefumba macho. Alinitazama moja kwa moja, akatikisa kichwa mara moja, polepole, kama mtu anayemkataza mtoto asishike kitu cha moto.

Yaani yeye alijua.

Nikakaa hapo nikiwa sisogei hata kidogo. Jumamosi zote zile nilizosikia ta, ta, sikuwa nimesikia kwanza halafu nikainama. Niliinama kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikijua mvuke umekatika. Nilikuwa nimejifunza, bila kujijua, miaka yote ile niliyokingoja kidole chake, na mwili wangu ukaenda wenyewe kwenye chuma kabla moyo haujakubali. Na furaha yote niliyoipata, na sala zote za shukrani, na wale wanawake wa darasani waliosimama kuniombea, yote yalitoka kwenye mguu mfupi wa benchi.

Niliomba kidole. Nilipewa kidole.

Sala ilikwisha. Anold alisema amina kwa nguvu, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki akajifuta uso kwa kiganja. "Nipe hiyo wafo, shemeji," akasema. "Nataka niimege na ndugu yangu."

Ningeweza kumpa. Nilifikiria hivyo kwa dakika nzima, sitasema uongo. Angekula, angekunywa chai, gari lingepanda mlima tupu, na kila Jumamosi ningeinama mbele na Eliudi angenijibu. Hakuna mtu angenyang'anywa chochote. Nilimtazama Eliudi usoni nikitafuta ruhusa. Macho yake yalikuwa kwenye mlango, kwa sababu ndiko nilikomgeuzia uso nilipokuwa nikimwekea mto.

"Ngoja," nikasema. "Nichome moja tena."

"Ya nini?" Asmahani akasema haraka. "Watu wana njaa. Gawa hiyo."

"Moja tu."

Nikapaka mafuta, nikamimina, nikafunga. Kisha nikasimama. Nikatoka kwenye benchi, nikasogea mpaka ukutani, mikono nyuma. Anold alinitazama bila kuelewa. Wafo ilitoa mvuke mwingi. Ukapungua. Nikajikuta nasema kwa sauti, na sikuwa nikisema na watu, "Eliudi. Sasa. Mume wangu, sasa."

Mvuke ukakatika. Tuliona sote. Mvua nayo ilikuwa imepungua kiasi kwamba tungesikia ukucha ukigusa mbao. Moshi ukaanza. Ukawa mnene. Mzee Asheri akakohoa. Niliacha mpaka banda zima likawa na harufu ya kuungua, kisha nikarudi kwenye benchi, nikakaa mahali pangu, nikainama mbele.

Ta, ta.

Nikarudi nyuma. Nikainama tena. Ta, ta.

"Ni benchi," nikasema.

Mzee Asheri aliivaa kofia yake, akaivua tena. Asmahani ndiye aliyesema kwanza, kwa hasira, machozi yanamtoka. "Umekosa nini wewe mwanamke? Nani aliyekuuliza? Mimi nimeliona tangu siku ile ya kwanza na mwiko mkononi, nikanyamaza. Ningekwambiaje, na ulikuwa unacheka? Leo nimelifuta kwa khanga yangu nikakupa. Umemtoa mwenyewe, kwa mdomo wako!"

"Najua," nikasema.

"Unajua! Unajua nini?"

Anold alikuwa ameinamisha kichwa. Alionekana mzee kuliko alivyofika. Aliushika ule mkono wa mdogo wake, akaitazama pete, akaizungusha, akaiacha. Nilidhani atakasirika. Ingekuwa afadhali.

"Umesema kweli, mama," Mzee Asheri akaniambia. "Mungu ameona."

Sikupata faraja yoyote katika maneno hayo. Nimeitafuta tangu siku ile na bado sijaipata.

"Gari liko barabarani," Anold akasema mwishowe. "Nilikuwa nimewaambia wangoje. Tukiondoka kabla mvua haijarudi, njia ya mlimani itapitika." Akasimama. "Wewe baki, shemeji. Usome. Una maisha bado. Yeye hana haja ya mtu anayemjua, kwa kuwa hamjui mtu. Nasema hivi kwa upendo."

"Niliahidi," nikasema.

"Ulimwahidi Eliudi. Huyu..." Hakumalizia.

Nikaitoa ile wafo iliyoungua kwenye chuma, nikakifuta chuma kwa kitambaa kikavu kama nilivyofundishwa, bila maji, nikakifunga. Kilikuwa bado cha moto. Nilikishika hivyo hivyo kwa mikono yake mirefu na nikasimama mbele yao watatu, mguu wangu ukigusa mguu wa mume wangu. Sikusikia ndani yangu tumaini lolote. Nilikuwa nalo alfajiri, na sasa halikuwepo, na nilishangaa kwamba ninaweza kusimama bila hilo.

"Mzee Asheri," nikasema, "wewe ulisimama siku ile. Simama tena, usikie. Na wewe shemeji. Na wewe Asmahani, najua umekasirika, lakini sikia."

Mzee alisimama. Asmahani alijifuta pua kwa pindo la khanga, akanitazama.

"Kanisani sikuambiwa nikae naye akinijua tu. Naahidi mbele yenu: naenda Amani naye leo, na benchi hili linapanda garini. Darasa naliacha. Sitasema tena kwa mtu yeyote kwamba ananijua. Kila Jumamosi nitachoma, nitafungua mwenyewe mvuke ukikatika, nitamlisha, na sitamwacha mpaka mmoja wetu azikwe."